Nyumba Ikufuate: Motahomu au Tela?

Ndoa nyingi hugombana kwa ajili ya pesa, wakwe, au simu inayolia saa saba za usiku. Dada yangu na mumewe waligombana kwa ajili ya magurudumu. Nasema kweli tupu, maana nilikuwepo. Mwaka 2023 nilikwenda kuwatembelea Dallas, jimbo la Texas, nikalala wiki tatu kwenye kochi lao nikisikia kila neno.

Dada (ni mtoto wa mama mkubwa, lakini tumekua nyumba moja) ni nesi wa mikataba. Kule Marekani hospitali yenye upungufu humchukua nesi wa aina hii kwa muda mfupi, mara nyingi wiki 13, mkataba ukiisha anahamia mji mwingine. Shemeji anafanya kazi za kompyuta, ofisi yake ni popote penye intaneti. Sasa fikiria mwenyewe: wanalipa kodi ya apatimenti Dallas, wakati huohuo dada anapanga chumba mji wa mbali, wanaonana wikiendi kama wachumba wa bweni. Ndoa ya miaka minne, nusu yake kwenye simu. Wakaamua nyumba iwafuate.

Hapo ndipo ngoma ilipoanza. Shem alitaka motahomu, yaani basi zima lenye jiko, choo na kitanda; unawasha injini, nyumba inaondoka. Dada alitaka fifthi wili. Usiumize kichwa, msomaji wangu: hilo ni tela la kuishi, linaloungwa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, kwa kufuli la aina ileile ya semi-tela unazoziona zimepanga foleni Tunduma.

Mimi nilikuwa upande wa shemeji, sifichi. Tulipoingia kwenye yadi ya kuuzia nikapanda motahomu moja ya dizeli, kochi la ngozi, kioo cha mbele kama sinema. Asikwambie mtu, nilijiona mke wa waziri. Bei ndiyo iliyonishusha ngazi haraka. Motahomu kubwa mpya ya dizeli hupita dola 200,000 bila kutoa jasho. Na hata zile za petroli, lita moja inakupeleka kilomita tatu au nne tu.

Kilichomaliza ubishi wangu ni chumvi. Walikodi motahomu siku mbili ili wajaribu (ushauri wa bure: kodi kwanza, hata kama una hela). Tukaegesha kambini, tukaunga waya wa umeme, bomba la maji safi na la maji taka. Kuta za pembeni zikatoka nje kwa mota, sebule ikapanuka. Raha mustarehe. Jioni dada anapika, chumvi hakuna, duka liko kilomita sita. Ili kununua chumvi ya senti chache ilibidi tuchomoe waya, tukunje mabomba, turudishe kuta, tufunge makabati ili sahani zisiruke, halafu tuendeshe jiko, kitanda na choo mpaka dukani. Tulikula bila chumvi.

"Na mimi naingia zamu saa moja jioni," dada akasema taratibu, anakoroga chungu. "Nitaenda wodini na nyumba?"

Shem akajibu kwamba watu huvuta kagari kadogo nyuma ya motahomu. Ni kweli, wengi hufanya hivyo. Ila hapo una injini mbili za kuhudumia na bima mbili. Na ile kubwa ikiharibika, kitanda chako nacho kinalala gereji. Kwa tela, pikapu inakwenda kwa fundi, wewe unabaki na sufuria zako.

Kwa hesabu yangu, mtu anayehama kila baada ya siku mbili tatu achukue motahomu na asijute. Usiku, mvua inapiga na mahali pamekutia wasiwasi, unatoka kitandani hadi kwenye usukani bila kugusa tope. Lakini anayekaa wiki 13 sehemu moja anamiliki injini ya gharama inayolala tu.

Jambo lingine ni usingizi, na hili wauzaji hawaligusi. Dada hulala mchana, shemeji hufanya mikutano ya kazi mchana. Kwenye tela la aina hii chumba cha kulala mara nyingi kiko juu ya bodi ya pikapu, unapanda ngazi mbili tatu, unafunga mlango, na yapo yenye kachumba upande wa nyuma. Mke mbele, mume nyuma, kila mtu na amani yake. Kwa wanandoa wanaoishi ndani ya mita 12, hiyo si anasa.

Kumbe shemeji alikuwa na lake moyoni. Usiku mmoja, dada yuko kazini, akaniambia baba yake alikuwa dereva wa malori makubwa, na yeye likizo zote za shule alikuwa utingo. "Shem, niliapa sitafunga tela tena maishani." Nikanyamaza. Kumbe si ubishi wa magari.

Asubuhi alimwambia mkewe mwenyewe. Dada hakucheka. Akasema, "Basi usifunge wewe. Nitajifunza." Halafu akaongeza jambo ambalo nesi tu angelisema mapema hivyo: amepokea wanaume wengi wodini walioanguka ghafla, na hataki nyumba ambayo hawezi kuiondoa peke yake mumewe akiumwa.

Walinunua tela lililotumika, lakini walianza na mizani, na hapo ndipo wengi huumia. Karibu moja ya tano ya uzito wa tela, mara nyingi zaidi, hukaa juu ya pikapu. Tela la tani sita linaweka zaidi ya kilo 1,200 kwenye bodi, hujaweka abiria wala mizigo. Kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva ndicho kinachosema pikapu inabeba kiasi gani. Pikapu waliyokuwa nayo haikufaa hata kidogo. Ikauzwa.

Mafunzo yalifanyika kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari, siku za kazi. Kufunga kufuli, kisha kuvuta kidogo mbele kabla ya kupandisha miguu ya tela, uhakikishe limeshika. Lisiposhika, linaangukia bodi. Halafu kurudi nyuma, ambako tela huenda kinyume na usukani. Shemeji alimfundisha alivyofundishwa na baba yake: shika usukani kwa chini, peleka mkono kule unakotaka tela liende. Siku ya kwanza dada alilia. Siku ya nne aliingiza tela katikati ya mistari.

Mwezi uliopita alinitumia video kutoka kambi yao mpya. Yeye yuko kwenye usukani, miwani ya jua, midomo imebanwa. Nyuma kule anaonekana shemeji na kandambili zake, mikono juu, anapiga kelele za kituo cha malori: "Rudi, rudi, rudi! Kata kulia! Njoo... njoo... haya, lala hapohapo!"