Kamera ya kuvuta mara 50: siri yake ni hatua tatu nyuma

Wengi mnaniuliza picha zangu napigia nini. Leo nawaambia yote, pamoja na hasara niliyoanza nayo, ili wewe usiirudie.

Nina fremu hapa Bagamoyo, nauza mikoba na vikapu vya ukili pamoja na batiki. Wateja wangu wengi wako Dar na mikoani, wananijua kwa picha tu. Mwanzo nilikuwa napiga kwa simu. Nasogea karibu mpaka mkoba unajaa kioo, napiga, naposti. Siku moja dada mmoja wa Dodoma akapokea mzigo wake stendi, akanipigia: "Mdogo wangu, huu ndio ule wa kwenye picha kweli? Ule ulikuwa na tumbo, huu mbona mwembamba?"

Mkoba ulikuwa ule ule. Nikamrudishia hela yake, na gharama za kusafirisha kwenda na kurudi zikawa juu yangu. Mwezi ule mizigo mitatu ilirudi kwa lawama hiyo hiyo.

Nikaona dawa ni kamera. Mama akaniazima laki tatu na nusu kutoka kwenye mgao wake wa kikoba. Akaniambia, "Mwanangu, hela hii ina tarehe." Nikapanda gari ya Makumbusho, nikaunga hadi Kariakoo. Nikaonyeshwa Canon PowerShot SX50 HS iliyotumika, toleo la mwaka 2012. Muuzaji akaelekeza lenzi ghorofa ya mbali, akavuta, nikaona mpaka vibanio vya nguo zilizoanikwa. "Inavuta mara 50 hiyo, dada." Basi, nikalipa.

Wiki ya kwanza nilipiga majahazi tu! Nikarudi kwenye mikoba, nikaposti, na mteja mwingine akalalamika vile vile. Aisee, usiku ule sikulala. Hela ya Mama ina tarehe.

Kosa lilikuwa wapi

Lenzi ya kamera hii inaanzia milimita 24 na kuishia 1,200, kwa kipimo cha kamera za filamu. Kwenye ule mwanzo inaona eneo pana, kama kamera kuu ya simu nyingi. Tena inakubali kufokasi hata kitu kikiwa sentimita 0 kutoka kwenye kioo cha lenzi. Kwa hiyo mimi nilikuwa nasogea karibu vile vile kama kwenye simu.

Jaribu hivi. Jipige picha ya uso simu ikiwa karibu kabisa. Pua inakuwa kubwa, masikio yanakimbilia nyuma. Mkoba nao ni hivyo hivyo: sehemu iliyo karibu na lenzi inavimba, ya nyuma inasinyaa. Kinachofanya hivyo ni ule ukaribu wako na bidhaa.

Sasa rudi nyuma hatua tatu, kisha vuta zumu taratibu mpaka mkoba ujaze kioo. Umbo linatulia. Kumbe zumu niliyoinunulia vitu vya mbali, kazi yake kwangu ni kuniruhusu nisimame mbali kidogo na bidhaa. Kati ya zile mara 50, dukani situmii hata 5.

Tena huko mwishoni usipatamanie. Mchana baharini joto linapanda, ukivuta mpaka mwisho jahazi linachezacheza kwenye picha kama linatazamwa juu ya jiko.

Vitu vingine kwenye mwili wa kamera vinavyoleta hela

1. *Sensa ni ndogo.* Sensa ndiyo inayopokea mwanga, na hii ina upana wa milimita 6 na kidogo, sawa na punje ya hindi. Halafu lenzi ikivutwa hadi mwisho inapitisha mwanga robo na ushee tu ya ule wa mwanzoni. Kwa hiyo kamera hizi zinataka mwanga mwingi. Napigia kibarazani saa tatu asubuhi, kivulini, nguo nyeupe ikiwa upande wa pili kurudisha mwanga. Megapikseli 12 zinatosha kabisa kwa mtandaoni.

2. *Kioo kinachokunjuka.* Kioo cha nyuma kinafunguka pembeni na kugeuka. Batiki naitandika chini, kamera naiinua juu ya kichwa, kioo nakigeuzia chini, naona ninachopiga bila kupanda kiti.

3. *Tundu la skrubu chini.* Hapo unafunga stendi ya miguu mitatu. Weka saa ya kuhesabu sekunde 2, bonyeza, ondoa mkono. Picha haitikisiki, na bidhaa zote zinakaa saizi moja kwenye ukurasa wako.

4. *Kitufe ubavuni mwa lenzi.* Ukiwa umevuta sana na kitu kikakupotea, kishikilie. Lenzi inarudi nyuma kwa muda, unakitafuta, ukiachia inavuta tena ilipokuwa. Kwa anayepiga ndege au mpira ni msaada mkubwa. Kwetu wauza mikoba, si lazima.

Sisi wa pwani tuwe makini

Lenzi hii inatoka na kuingia kama bomba. Kila inapotoka inavuta hewa ndani, na hewa yetu ina chumvi, unyevu na mchanga. Kamera yenyewe haijazibwa dhidi ya maji wala vumbi. Usiiweke mchangani, usibadilishie kadi kwenye upepo wa ufukweni. Mimi naihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Ukienda kununua iliyotumika, fanya hivi kabla hujatoa hela:

- Vuta zumu mpaka mwisho na urudishe mara tatu, sikiliza. Ikisaga kama kuna mchanga, iache.
- Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache.
- Uliza chaja yake. Betri ya hii inatolewa na kuchajiwa pembeni, waya wa simu hausaidii.
- Piga picha ya kitu kidogo ukiwa umesimama hatua tatu, siyo ya ghorofa ya mbali.

Na kama huna hela ya kamera, usikope kwanza. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, rudi nyuma utumie hiyo. Kama haina, rudi nyuma hivyo hivyo halafu kata picha pembeni. Utapoteza ukali kidogo, ila mkoba utabaki na umbo lake.

Tangu nijue hilo, hakuna mzigo uliorudi kwa sababu ya umbo. Yule dada wa Dodoma nilimtumia picha mpya ya mkoba ule ule, akacheka, akaagiza viwili. Mama nilimlipa kwa awamu nne, ya mwisho siku mbili kabla ya tarehe yake.

Biashara njema wadau.