Uani wenye mteremko na udongo wa mfinyanzi: kokoto au nyasi bandia?

Kila masika inapokaribia kwisha, hutufikia malalamiko ya aina moja. Mlaji alinunua tripu mbili za kokoto, akazitandaza kwenye mteremko ulio mbele ya nyumba yake, na mvua kubwa ya kwanza ikaziteremsha hadi langoni. Jirani yake alichagua nyasi bandia, akazitandika juu ya udongo mtupu. Baada ya wiki chache zikajikunja na kushuka kama mkeka uliovutwa upande mmoja. Wote wawili huamini kwamba wameuziwa bidhaa mbovu. Mara nyingi bidhaa haikuwa na kasoro, bali hakuna aliyewaeleza kuhusu ardhi iliyo chini yake.

Viwanja vingi vya Kimara, Goba na Mbezi, jijini Dar es Salaam, vimekaa kwenye miteremko, na pale penye mfinyanzi tatizo huwa kubwa zaidi. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya milimita 0.002, hivyo maji hupenya polepole sana. Udongo huo hufura unapolowa, kisha husinyaa na kupasuka unapokauka. Maji yasiyopata pa kuingia hutiririka juu ya ardhi na kusomba kila kisichofungwa.

Kokoto hazifungwi. Zile zenye kona, kama za Lugoba, hushikana zaidi kidogo kuliko mawe ya mviringo ya mtoni, lakini nazo husogea. Zisiposombwa, huzama kwenye tope, isipokuwa pametandikwa kwanza kitambaa maalumu cha kutenganisha udongo na mawe. Kwa maoni yetu, kokoto zafaa pale ardhi inaposhuka kwa mita 1 au pungufu katika kila mita 20. Mteremko ukifika mita 1 kwa kila mita 10, hatuzishauri bila kujengwa ngazi au vizuizi vya kuzishikilia. Kipimo hiki hakihitaji mtaalamu: kamba, pima maji na futi ya fundi vyatosha.

Kwenye mteremko wa namna hiyo, nyasi bandia zina faida ya wazi. Ni zulia moja linaloweza kupigiliwa pembezoni, na hupunguza nguvu ya matone ya mvua yanayochimbua udongo. Hata hivyo, haziwezi kufanya kazi ya ukuta. Ikiwa udongo wenyewe unateleza au umeanza kumeguka, jenga kwanza ukuta wa kuzuia udongo. Fedha ya nyasi isubiri.

Chini ya zulia ndiko kwenye gharama ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Udongo laini wa juu huondolewa, kitambaa cha kutenganisha hutandikwa, kisha hufuata tabaka la mawe yaliyosagwa, lililoshindiliwa kwa awamu hadi kufikia unene wa sentimita 10 hadi 15. Kwa maneno mengine, anayekwepa kununua kokoto atazinunua hata hivyo, ila hataziona. Maungio ya vipande yafuate mteremko kutoka juu kwenda chini, yasiukate, ili maji yasinase kwenye mshono. Mchanga wa kujazia kati ya nyuzi nao hushuka polepole, na itabidi kuurudisha kila baada ya muda.

Kisha kuna maji ya bati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 30, humwaga lita 3,000. Maji hayo yakielekezwa juu ya mteremko, hakuna zulia wala kokoto itakayostahimili. Mfereji wa kuyakinga upande wa juu uchimbwe kabla ya kununua chochote.

Tungekosea tukisifu tu. Nyasi bandia zilizo juani mchana huweza kuzidi nyuzijoto 60, kiwango kinachoweza kuunguza nyayo za mtoto. Kama uani wako hauna kivuli, fikiria tena, au wekea nyasi sehemu ile tu inayopata kivuli.

Sasa tugeukie karatasi. Dhamana ya nyasi bandia kwa kawaida huhusu rangi na nyuzi, si kazi ya ardhini. Zulia likiteleza, muuzaji humlaumu fundi, na fundi humlaumu muuzaji. Ukiweza, ingia mkataba mmoja unaobeba vyote viwili: bidhaa na utandikaji. Zaidi ya hayo, kabla ya kulipa, mweleze muuzaji kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba kiwanja chako kina mteremko na udongo wa mfinyanzi, na kwamba unategemea ushauri wake. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyeeleza matumizi mahususi na kutegemea ujuzi wa muuzaji wa bidhaa za aina hiyo ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Ukiagiza kwa jina la chapa pekee, bila maelezo, huenda ukaikosa kinga hiyo.

Dai risiti ya EFD, na usilipe fedha yote mwanzoni. Kabla ya malipo ya mwisho, mwaga ndoo kadhaa za maji upande wa juu, utazame yanapopita na yanapotuama. Piga pia picha za tabaka la mawe, ukiwa umesimamisha rula kando yake, kabla halijafunikwa. Likishafunikwa, hakuna atakayeweza kulipima bila kulifumua zulia.