Mshambuliaji wa Tatu Haji na Bao Mfukoni

Nimeulizwa nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa haijanyolewa. Nimeulizwa kwenye foleni ya mpakani, Petite Barrière. Nimeulizwa na mzazi aliyekuja kumchukua mwanawe mazoezini, mtoto kasimama pembeni anasikiliza, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote. "Mwalimu, timu imefungwa, muda unakwisha, kocha yuko pale anaona. Kwa nini asiongeze mshambuliaji?"

Swali hili lilitembea mji mzima wa Gisenyi baada ya tarehe 10 Oktoba 2025, Amavubi, timu yetu ya taifa ya Rwanda, walipolala 1–0 mbele ya Benin pale uwanja wa Amahoro kwa bao la Tosin Aiyegun la dakika ya 80. Siku nne baadaye Afrika Kusini wakatufunga matatu bila pale Mbombela, swali likarudi na hasira mara mbili. Linaulizwa klabu ya Etincelles ikipoteza kwenye uwanja wa Umuganda, linaulizwa Marines wakipoteza uwanja huohuo, na wanaouliza ni watu wazima waliouangalia mpira miaka thelathini. Kwa hiyo sitaeleza kazi ya kiungo mkabaji wala maana ya kuotea. Mnazijua. Nitajibu hili moja tu, na nitalijibu kwa urefu, maana jibu la mkato nimelitoa miaka mingi na bado naulizwa.

Jibu ni hapana. Timu inayoshindwa kufunga, mara nyingi kuongezewa mshambuliaji kunaizidishia maradhi.

Najua hoja inavyojengwa. Mabao hufungwa na washambuliaji, tunataka mabao, basi tuweke washambuliaji zaidi. Inasikika safi kama hesabu ya darasa la kwanza. Kosa lake ni kudhani kwamba mshambuliaji anakuja uwanjani na bao lake mfukoni. Mshambuliaji haji na kitu. Anapelekewa. Na unapomwongeza, humpati kutoka hewani: wachezaji wa ndani ni kumi, hawazidi, kwa hiyo kila anayeingia mbele kuna mtu aliyetolewa mahali. Muulize shabiki nani atoke, atakutajia kiungo au winga, yaani mtu yuleyule ambaye kazi yake ilikuwa kuupeleka mpira mbele.

Sisi wa ziwani tuna mfano tunaouona kila jioni. Wavuvi wa sambaza wa Kivu wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unaning'inia katikati, taa zinawaka kuvuta samaki. Wavu unashika kwa sababu mitumbwi imeachana kwa umbali unaofaa na kila mmoja una watu wake. Wote wakihamia mtumbwi wa mbele kwa kuwa huko ndiko samaki wameonekana, wavu unalegea na samaki wanapita chini yake. Hakuna mvuvi wa Gisenyi atakayefanya hivyo. Lakini huyohuyo akifika uwanjani anamtaka kocha afanye hivyo hasa.

Kama wingi wa washambuliaji ungekuwa dawa, tungelijua hilo tangu siku ya kwanza ya mpira wa kimataifa. Tarehe 30 Novemba 1872, mjini Glasgow, Uskoti na Uingereza walicheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kati ya timu za taifa. Waingereza walipanga watu saba au wanane mbele, Waskoti sita. Uwanja mmoja, washambuliaji wasiopungua 13. Matokeo yalikuwa 0–0. Miaka zaidi ya 150 iliyofuata, makocha wamekuwa wakiwarudisha watu nyuma mmoja mmoja, kutoka mbele kwenda kiungo, kutoka kiungo kwenda ulinzi. Hawakufanya hivyo kwa woga. Waligundua kwamba bao linaanza mbali na goli.

Tuje karibu zaidi. Nusu fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 8 Julai 2014, Brazili wako nyumbani, Neymar ameumia. Nafasi yake wangeweza kumpa kiungo, waujaze uwanja katikati ambako Ujerumani walikuwa na Kroos, Khedira na Schweinsteiger. Wakampa Bernard, mtu wa kushambulia. Kati ya dakika ya 23 na ya 29 walifungwa mabao manne. Mechi ikaisha 7–1. Yaangalieni tena mabao yale mkipata nafasi, lakini safari hii msimtazame mfungaji. Tazameni mita ishirini mbele ya mabeki wa Brazili. Hakuna mtu. Wajerumani wanapasiana pale kana kwamba wako mazoezini.

Sasa mfano wa upande wa pili, ambao mashabiki wa Liverpool, nao hapa mjini ni wengi, wanausimulia bila kuuelewa. Istanbul, 25 Mei 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa na Milan, mapumziko ni 3–0. Timu inahitaji mabao matatu ndani ya dakika 45. Mngekuwa benchi mngemwita nani? Rafael Benítez alimtoa beki wa kulia, Steve Finnan, akamwingiza Dietmar Hamann, kiungo mkabaji. Mkabaji, timu ikiwa nyuma kwa mabao matatu! Sababu ni kwamba Kaká alikuwa anapita katikati atakavyo, na Hamann alipouziba mlango huo Steven Gerrard akapata ruhusa ya kupanda. Dakika sita, mabao matatu, la kwanza la Gerrard mwenyewe kwa kichwa. Kombe likaja kwa penalti.

Hapo ndipo shabiki anaponikatisha. "Na Manchester United 1999?" Kila mara ni 1999. Haya, tuizungumzie, maana ndiyo nguzo ya imani yote hii. Fainali kama hiyo, mjini Barcelona, 26 Mei 1999, Bayern wanaongoza kwa bao la Mario Basler la dakika ya sita. Alex Ferguson anamwingiza Teddy Sheringham, baadaye Ole Gunnar Solskjær, na wote wawili wanafunga katika dakika za nyongeza. Ushahidi kamili, si ndiyo?

Angalieni vizuri. Solskjær alichukua nafasi ya Andy Cole: mshambuliaji kwa mshambuliaji, hakuna aliyeongezwa. Aliyeongezwa ni Sheringham peke yake, akimpokea winga Jesper Blomqvist dakika ya 67. Na baada ya badiliko hilo nini kilitokea? Mehmet Scholl akagonga mwamba. Carsten Jancker akagonga mwamba wa juu kwa tikitaka. Bayern walikuwa wanapita kwenye uwazi ulioachwa, na sentimita chache zingeifanya 2–0 au 3–0, wala leo msingekuwa na hadithi ya kunisimulia. Mabao yenyewe mawili yalizaliwa na nini? Kona. Kona mbili za David Beckham. Kona hupigwa watu wote wakiwa wamekwisha panda, hata mabeki, hata kipa Peter Schmeichel alipanda kwenye ile ya kwanza. Mfumo wa washambuliaji wawili au watatu hauna sehemu pale.

Ndivyo imani hii inavyoishi. Mara ile moja iliyofanikiwa tunaikumbuka mpaka leo. Mara ambazo kocha aliongeza straika, timu ikafungwa la pili kwa shambulizi la kushtukiza, tunasema tu kwamba siku ile timu ilikuwa mbovu.

Haya, hesabu yetu wenyewe. Kufuzu Kombe la Dunia la 2026, Amavubi walicheza mechi kumi, wakafunga matano, wakafungwa tisa, wakamaliza na pointi 11. Shabiki anasoma "mabao matano, mechi kumi" na hukumu anayo tayari. Mimi nauliza: hayo matano yalifungwa na nani? Huye, Novemba 2023, tulipowapiga Afrika Kusini 2–0 uwanja umeloa chapachapa: Innocent Nshuti na Gilbert Mugisha. Lesotho, Juni 2024: Jojea Kwizera. Lesotho tena, Machi 2025: Kwizera. Zimbabwe, Septemba 2025: Mugisha. Nshuti ni mshambuliaji wa kati. Mugisha na Kwizera ni watu wa pembeni. Manne kati ya matano yalitoka kwa mawinga. Na yule ambaye uwanja mzima unapiga kelele atolewe ili straika wa pili aingie, ni nani kwa kawaida? Winga. Tunataka kukitoa uwanjani kile kidogo kilichokuwa kinatupa mabao.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo. Tulipoteza mechi tano, na tatu kati yake ni kwa bao moja. Timu inayopata bao moja kwa kila mechi mbili haina utajiri wa kuacha mlango wa nyuma wazi. Adel Amrouche, aliyeinoa Amavubi katika mechi hizo za 2025 na ambaye Wakenya wanamkumbuka kwa Harambee Stars na Watanzania kwa Taifa Stars, unaweza kumlaumu kwa mengine ukitaka, na mimi pia nina maswali yangu kuhusu namna tunavyoutoa mpira kwa kipa. Lakini kumlaumu kwa kutojaza washambuliaji ni kumlaumu kwa jambo alilofanya sawa.

Basi nini kinachotokea timu inaposhindwa kufunga? Mara nyingi sana ni umbali. Uwanja una urefu wa mita 105. Timu iliyoshikana, kutoka beki wa mwisho hadi mtu wa mbele, inakaa ndani ya mita 30 hadi 35. Timu iliyofungwa na kuingiwa na hofu inakatika: mabeki wanarudi nyuma kwa kuogopa la pili, washambuliaji wanapanda kwa kutafuta la kwanza, katikati panabaki shimo ambalo viungo wawili hawawezi kulijaza hata wakimbie vipi. Beki anainua kichwa, haoni wa karibu wa kumpa, anapiga mrefu. Mpira unagombewa hewani, unaanguka, na pale unapoangukia, mpira wa pili tunavyouita, hakuna mtu wetu. Unarudi. Anapiga tena. Jukwaani mnaona mpira hauwafikii washambuliaji mnasema washambuliaji hawatoshi. Ukimtoa kiungo hapo umelipanua shimo.

Umuganda wenyewe umeshuhudia kinyume chake. Mashindano ya CHAN ya 2016, kundi la Mali, Zambia, Uganda na Zimbabwe lilipangiwa hapahapa kwetu. Mali walitoka na ushindi mmoja na sare mbili, watu wakawapigia miluzi kwamba hawana makali. Walifika fainali. Walikuwa timu fupi, imeshikana, inasubiri.

Yanayofaa kufanywa, haraka, maana nafasi yangu inaisha. Kwanza mabeki wapande mita kumi. Badiliko hilo halihitaji mchezaji mpya, linahitaji kipa mwenye mdomo na beki mwenye mbio za kurudi. Pili, ingizeni kiungo anayeweza kupokea mpira akiwa na mgongo kwa adui na akageuka. Tatu, winga mpya dhidi ya beki wa pembeni aliyechoka, kuanzia dakika ya 60, si ya 85. Nne, beki wa pembeni apande, kiungo amfunike. Tano, kona na mipira ya adhabu: timu zetu zinazifanyia mazoezi kidogo mno, na bao la kona linahesabiwa sawa na lingine lolote. Sheria inaruhusu wachezaji watano kubadilishwa kwa vituo vitatu, kwa hiyo kocha anayengoja mwisho anachoma vituo bure. Na ndiyo, dakika tano za mwisho, ukiwa nyuma na huna tena cha kupoteza, weka mtu mrefu mbele na umrushie. Hiyo ni bahati nasibu na kila kocha anaicheza. Ila awepo kiungo mmoja wa kuokota mpira wa pili. Mmoja tu, nawaomba.

Nanyi mkija Umuganda, timu ikiwa nyuma, dakika ya 70, uacheni mpira kidogo kwa macho. Mtazameni beki wa kati akiwa nao mguuni na mhesabu ana wenzake wangapi wa kuwapa ndani ya mita kumi na tano. Wakiwa watatu, vumilieni. Akiwa mmoja au hakuna, pigeni kelele kwa nguvu zenu zote, na jina mtakaloliita liwe la kiungo.

Yule mtoto aliyekuwa anasikiliza pembeni ana miaka kumi na moja. Anacheza kiungo, na ana kitu ambacho sikifundishi: anaangalia nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia. Juma lililofuata alinijia peke yake akaniomba nimhamishie mbele. Baba yake alikuwa amemwambia mbele ndiko mechi zinakoshindwa. Nimembakiza katikati, na Jumamosi baba akija nitampa kiti aketi kando yangu mazoezi yote.