Ridhaa ya wananchi haikomei kwenye sanduku la kura

KILA maandamano yanapozuka nchini, huzuka pia swali iwapo serikali ingali na ridhaa ya wananchi. Wafuasi wa serikali hujibu kwamba ridhaa ilitolewa siku ya uchaguzi na itadumu miaka mitano. Wapinzani nao hudai ilikwisha siku bei ya unga ilipopanda. Pande zote mbili huchanganya mambo mawili, yaani haki ya kisheria ya kushika madaraka na kibali cha wanaotawaliwa. La kwanza huamuliwa mara moja. La pili hupanda na kushuka.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 17, alishikilia kwamba serikali halali hutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa. Ili kuwajumuisha wale ambao hawakuwahi kuulizwa, alisema hata anayepita tu katika barabara kuu ya nchi ameridhia kimyakimya. Kwa hesabu hiyo, abiria aliyebanwa ndani ya matatu katika barabara ya Thika amekwisha kuiunga serikali mkono! Mskoti David Hume aliipinga hoja hiyo mnamo 1748. Alisema ni sawa na kudai kuwa mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini amemkubali nahodha, kwa kuwa tu hajajitosa baharini.

Katiba ya Kenya ya 2010 haikutegemea kimya. Kifungu cha 1 chaeleza kwamba mamlaka yote ya utawala ni ya wananchi, nao huyatumia moja kwa moja au kupitia wawakilishi waliowachagua. Uchaguzi, basi, ni njia mojawapo tu, na hata hiyo haipimi kila kitu. Mnamo 2022, Rais William Ruto alipata kura milioni 7.18 kati ya wapigakura milioni 22.1 waliosajiliwa, takriban theluthi moja. Mahakama ya Juu iliidhinisha ushindi huo, na kisheria suala likaishia hapo. Katika marudio ya Oktoba 26, 2017, yaliyosusiwa na upinzani, Uhuru Kenyatta alizoa asilimia 98 ya kura ilhali waliojitokeza hawakufika asilimia 40.

Kipimo bora zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, kilikuwa kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005. Swali lilihusu rasimu ya katiba, ndizi ikiwa alama ya kuiunga mkono na chungwa ya kuipinga. Takriban asilimia 58 waliikataa. Matokeo hayo hayakugusa kiti cha Rais Mwai Kibaki kisheria. Hata hivyo, siku mbili baadaye alivunja baraza zima la mawaziri, akawabakisha Makamu wa Rais na Mwanasheria Mkuu pekee. Alitambua kwamba wananchi walikuwa wamejibu swali ambalo halikuandikwa karatasini. Ni kweli kwamba mawaziri walioongoza kambi ya chungwa hawakurejeshwa. Alilisikia jibu bila kulitii lote. Lakini lilikuwa limehesabiwa, na hakuna aliyeweza kulikana.

Juni 25, 2024 hakukuwa na karatasi za kuhesabu. Wabunge waliupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, licha ya upinzani mkali wa umma uliokuwa umelazimu baadhi ya kodi kuondolewa. Alasiri hiyo hiyo vijana walivamia majengo ya Bunge na waandamanaji wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais alikataa kuutia saini mswada huo, na Julai 11 akawafuta karibu mawaziri wote. Serikali ilisalimu amri kama ya 2005, ila mara hii kilichohesabiwa ni maiti.

Mbona wananchi wakaishia barabarani? Rais hawezi kuondolewa moja kwa moja na raia. Kifungu cha 145 kinataka theluthi mbili ya wabunge, kisha theluthi mbili ya maseneta. Kwa mbunge, Kifungu cha 104 kinawapa wapigakura haki ya kumwondoa kabla ya muhula kwisha. Lakini Sheria ya Uchaguzi ya 2011, iliyotungwa na wabunge wenyewe, ilidai saini za asilimia 30 ya wapigakura wa eneobunge, tena baada ya Mahakama Kuu kuthibitisha makosa. Ilizuia ombi hilo katika miezi 24 ya kwanza na 12 ya mwisho, hivyo katika miaka mitano nafasi ilikuwa miaka miwili. Mnamo 2017 Mahakama Kuu iliyafuta baadhi ya masharti hayo ikisema yanakiuka Katiba. Tangu Katiba izinduliwe, hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo.