Piles Creek: sumu isiyoua samaki

Kipimo cha kawaida cha sumu kwa samaki ni kifo. Samaki huwekwa kwenye tangi lenye shaba au zinki, zikapita saa 96, kisha hutafutwa kiwango kilichoua nusu yao. Kipimo hiki kina kazi yake, hasa kiwanda kinapomwaga taka kwa mkupuo. Lakini kwenye milango ya mito metali huingia kidogo kidogo kwa miaka mingi, na huko kipimo hicho hakioni mengi. Samaki wanaweza kujaa horini, hata wakazaliana, na bado wakawa wagonjwa.

Tazama Piles Creek, hori dogo mjini Linden, jimbo la New Jersey, Marekani. Hori hilo linatokea kwenye Arthur Kill, mlangobahari uliosongwa na viwanda vya mafuta na kemikali, na tope lake limejaa metali, zebaki ikiwemo. Humo anaishi mummichog (Fundulus heteroclitus), samaki wa urefu wa kidole hivi. Ni kiumbe sugu: maji ya chumvi, maji ya mto, joto, upungufu wa oksijeni, vyote anavistahimili. Mwaka 1973 Wamarekani walimpeleka hata angani, kwenye kituo cha Skylab. Tena si msafiri. Hukaa eneo lilelile la hori, kwa hiyo mwili wake hueleza habari za tope la hapo hapo.

Tope ndilo lenye mambo. Maji ya mto yakikutana na chumvi ya bahari, chembe laini za udongo hugandamana, huwa nzito na kuzama pamoja na metali zilizonata juu yake. Ukichota maji ya juu ukayapima unaweza kuyaona safi, kumbe mzigo uko chini. Zebaki ina hila zaidi. Katika tope lisilo na hewa bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo huingia kwenye chakula, ikapita kwenye damu hadi ubongoni, na mwili huitoa polepole mno.

Judith Weis wa Chuo Kikuu cha Rutgers na wenzake waliwalinganisha samaki wa Piles Creek na wale wa Tuckerton, kusini zaidi katika jimbo hilohilo, ambako maji ni safi zaidi. Tangini waliwatilia kamba wadogo walio hai. Kamba akishtuka hupiga mkia na kuruka kinyumenyume, kwa hiyo anayemtaka lazima awe mwepesi. Wa Tuckerton waliwawahi. Wa Piles Creek, wazito na wenye kuzubaa, walikamata wachache. Matumbo ya samaki waliovuliwa horini yalithibitisha hayo: mlikuwa na tope na mabaki ya majani yaliyooza kwa wingi, chakula ambacho samaki huyu hanawiri nacho. Na walipowekwa pamoja na kaa wa buluu, walinaswa kwa urahisi zaidi. Serotonini ilikuwa pungufu ubongoni mwao, na tezi ya thairoidi ilikuwa na kasoro.

Samaki wa Tuckerton walipofugwa juu ya tope la Piles Creek na kulishwa chakula cha huko, zebaki ilipanda ubongoni na uwindaji wao ukadorora. Wa Piles Creek walipohamishiwa kwenye maji safi kwa wiki kadhaa, hawakupata nafuu ya maana.

Walionufaika ni kamba. Piles Creek ina kamba wengi na wakubwa kuliko Tuckerton, kwa kuwa mwindaji wao amelegea. Mkaguzi akihesabu kamba peke yao ataandika ripoti ya kupendeza.

Ni haki kusema kwamba tope hilo lina pia mafuta na kemikali nyingine za viwandani, hivyo zebaki haiwezi kubebeshwa lawama zote. Kuna na jambo linalotatanisha: mayai ya samaki wa Piles Creek huistahimili methili-zebaki kuliko mayai ya kwingineko. Mtu anaweza kuona hapo kwamba maumbile yamejitibu. Mimi sishangilii, maana samaki haohao hukua polepole na hufa mapema.

Tena madhara hayabaki horini. Kwenye mto Hackensack, jirani na hapo, kwa miezi minne watafiti waliwalisha samaki wachanga wa aina ya bluefish kwa samaki wadogo waliovuliwa mtoni humo. Walikula kidogo, wakaogelea kidogo, wakadumaa kuliko wenzao waliolishwa samaki wa Tuckerton. Bluefish wachanga huingia kwenye milango ya mito kunenepa wakati wa kiangazi. Majira ya baridi yakikaribia hutoka kwenda baharini na kuelekea kusini. Anayeondoka amedumaa huanza safari hiyo na akiba ndogo ya mafuta mwilini, na tena mdomo wake ni mdogo kwa mawindo atakayoyakuta huko.