Waranti Ikikataliwa, Haki Bado Ipo

Ndugu msikilizaji, ipo karatasi moja ambayo mnunuzi wa gari huipokea kwa furaha siku ya kwanza, kisha akaisoma kwa uchungu siku ya shida. Karatasi hiyo ni hati ya waranti. Katika mazungumzo yetu ya juma hili tutazame mtu afanye nini anapoambiwa kuwa waranti yake haifanyi kazi.

Tuchukue mfano wa Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na wapo wakazi wa mji huo wanaotegemea watalii kwa riziki yao. Tuseme mmoja wao amekopa benki akanunua gari la kutembezea wageni. Mara nyingi gari la namna hii hupitia mikono miwili. Injini na fremu hutoka kiwandani ng'ambo, kisha karakana ya hapa kwetu hurefusha fremu, huunda bodi, huongeza viti na kuweka paa la kuinuka. Miezi mitano baadaye mvua za masika zinapenya kwenye paa, milango haifungi sawasawa, na ufa umeonekana pale fremu ilipolehemiwa.

Mwenye gari anarudi kwa muuzaji, anajibiwa kwamba amepita barabara mbaya, hayo ni matumizi mabaya, waranti haihusiki. Akienda kwa wakala wa kiwanda anaambiwa fremu ilikatwa, kwa hiyo kiwanda hakimo. Huku akitupwa kama mpira, benki inadai rejesho la mwezi.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani waranti ndiyo haki pekee waliyo nayo. La hasha! Waranti ni ahadi ya ziada. Nje ya karatasi hiyo ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kwa kifupi, sheria hiyo inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia kukifanyia kitu, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo ambaye hiyo ndiyo biashara yake, basi kitu hicho sharti kiifae kazi hiyo.

Sasa hoja ya barabara mbaya itazameni upya. Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi kupitia Ulaya ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na njia za ndani ya hifadhi ni za udongo. Gari lililouzwa kwa kazi ya kuzungusha watalii liliuzwa kwa ajili ya njia hizo hizo. Mtu hawezi kukuuzia jembe, kisha akalalamika kwamba umeligusisha udongo.

Hata hivyo tuwe wakweli. Matumizi mabaya yapo: kupakia kupita kiasi, kutolifanyia gari huduma kwa wakati, au kuvuka mto uliofurika. Kilosa wanayajua mafuriko. Yale ya Mto Mkondoa ya mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliharibu hata reli ya kati. Maji ya mto yakiingia garini, usiilaumu karakana. Lakini mvua inayopenya paa la gari lililoegeshwa nyumbani ni habari nyingine kabisa.

Haki hiyo nayo ina mipaka. Sheria hiyo ya mauzo inaruhusu pande mbili kukubaliana vinginevyo, kwa hiyo soma mkataba kabla ya kutia saini. Tena, mnunuzi akikaa na kitu muda wa kutosha bila kusema kwamba anakikataa, huhesabiwa kuwa amekipokea. Hapo hawezi tena kukirudisha. Hubakiwa na madai ya fidia tu. Madai ya mkataba kwa kawaida hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6, lakini anayengoja huku ushahidi ukioza hujiumiza mwenyewe.

Basi afanyeje? Kwanza, aandike barua siku ile ile anapoona kasoro, aitie tarehe na abaki na nakala iliyosainiwa na mpokeaji. Pili, adai sababu za kukataliwa kwa maandishi, zikitaja kifungu cha waranti kinachotegemewa. Maneno ya kaunta hayana mwenyewe. Tatu, asimruhusu fundi mwingine kulehemu ufa ule kabla haujapigwa picha na kukaguliwa na mtaalamu asiye na maslahi. Mikumi penyewe pana chuo cha ufundi stadi cha VETA. Mahali pa kuanzia kuulizia mtaalamu pasikosekane. Nne, ajue anamdai nani. Kama alinunua gari likiwa limekamilika, wa kwanza kujibu ni aliyemuuzia, hata kama bodi iliundwa na mwingine. Kama alinunua gari mwenyewe, kisha akalipeleka karakana, hiyo ni mikataba miwili, na kila mmoja anajibu kwa kazi yake.

Yote yakishindikana, ipo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sheria hiyo inagusa pia masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mikataba ya walaji, pamoja na wajibu wa watengenezaji. Baada ya hapo kuna mahakama.

Ndugu msikilizaji, jambo hili si la fedha tu. Barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi, na tembo hukatiza humo. Dereva anayelazimika kufunga breki ghafla akiwa na fremu yenye ufa anachezea roho za watu. Kwa hiyo gari lenye ufa lisipakie abiria, hata kama rejesho la benki linabisha hodi. Gharama za kulisimamisha ziandikwe na ziingizwe katika madai.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anayenunua kwa maneno matupu amenunua mbuzi kwenye gunia. Anayetunza risiti, barua na picha zake hata akinyimwa waranti anayo ya kumwonyesha hakimu.