Neno "Kosa" katika Uchunguzi wa Udanganyifu wa Mafao huko Uingereza

Neno kosa katika Kiswahili lina maana mbili zilizo jirani: jambo lililokwenda visivyo pasipo kukusudiwa, na tendo linaloadhibiwa na sheria. Katika mazungumzo ya kila siku ujirani huu hauna madhara. Lakini huko Uingereza, ambako wasemao Kiswahili nao huweza kuhojiwa kwa shaka ya udanganyifu wa mafao ya serikali, sheria hutenganisha maana hizo mbili. Makala haya yanakusudia kueleza njia ya uchunguzi huo, na mahali neno hili linapoweza kumdhuru mtu.

Shaka huanza kwa habari: taarifa iliyoletwa na mtu, au tofauti kati ya maelezo ya mpokeaji na kumbukumbu za mshahara wake. Ikidhaniwa kwamba pana jinai, mpokeaji huitwa kwenye mahojiano yanayotanguliwa na onyo. Huambiwa kwamba halazimiki kusema neno; ila akilificha jambo atakalolitegemea baadaye mahakamani, utetezi wake waweza kudhurika; na yote asemayo yaweza kuwa ushahidi. Anaweza kuwa na wakili, na asiyejua Kiingereza huwekewa mkalimani.

Baada ya hapo yapo maswali mawili yasiyopaswa kuchanganywa. La kwanza: je, alilipwa kupita haki yake? Afisa wa idara huliamua kwa kutazama ni upande upi wenye uzito zaidi. Asiyeridhika huomba uamuzi utazamwe upya, kwa kawaida katika muda wa mwezi mmoja, kisha hukata rufani kwenye baraza lisilo chini ya idara. Yafaa kukumbuka kwamba kudaiwa si kuthibitishwa mdanganyifu: katika mafao yaitwayo Universal Credit, hata fedha zilizozidi kwa kosa la ofisi yenyewe zaweza kudaiwa.

La pili: je, alidanganya? Idara yaweza kumpa nafasi ya kulipa adhabu badala ya kushtakiwa, nayo ni nusu ya fedha zilizozidi, isiyopungua paundi 350 wala kupita paundi 5,000. Akikubali, ana siku 14 za kubadili nia. Akishtakiwa, hatia lazima ithibitishwe pasipo shaka ya maana. Sheria ya mwaka 1992 humtofautisha atoaye habari za uongo kwa kujua na afanyaye hivyo kwa hila. Huyu wa pili aweza kufungwa hata miaka 7.

Sasa tumfikirie mtu aulizwaye kwa nini hakuarifu kwamba amepata kazi, naye akajibu, "Nilikosa." Je, alipitiwa? Alitenda jinai? Au alikosa nafasi? Mkalimani akilitia neno la jinai, jibu la swali la kwanza limegeuka kuwa ungamo katika la pili. Lugha yetu haina upungufu hapa: kukosea na kupitiwa havibebi nia, kuhadaa na kughushi huibeba. Mkalimani mwema hachagui kwa niaba ya msemaji, bali humwarifu mhoji kwamba neno lina maana zaidi ya moja, ili swali liulizwe tena. Nao watungao kamusi watamsaidia wakizitenga maana za kosa waziwazi, kila moja na mfano wake.